Stesheni Iliyobomolewa na Picha Iliyobaki

Mwanzoni mwa mwaka 1914, Giorgio de Chirico, Mwitalia aliyezaliwa Ugiriki na aliyekuwa akiishi Paris, alichora picha ya rangi za mafuta ambayo leo inajulikana kwa jina la Stesheni ya Montparnasse, na kwa jina la pili Huzuni ya Kuondoka. Picha hiyo ina kimo cha sentimita 140 na upana wa sentimita 184.5, nayo inatunzwa New York, katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa liitwalo MoMA. Stesheni yenyewe haipo tena. Jengo walilolijua abiria wa mwaka 1914 lilibomolewa katika miaka ya 1960, stesheni mpya ikajengwa nyuma zaidi, na mahali pa zamani ukasimamishwa mnara wa Montparnasse, wenye urefu wa zaidi ya mita 200, uliozinduliwa mwaka 1973.

Mimi ni mchoraji wa Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo, binti wa mfanyakazi wa reli, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na watu wanaoniomba niwachoree mahali palipokwisha kutoweka: nyumba ya kambini, duka la zamani, na, mara nyingi kuliko vyote, stesheni. Katika kazi hiyo hakuna picha iliyonifundisha mengi kuliko hiyo ya de Chirico, ingawa ninaijua kwa chapa za vitabuni tu. Ninapenda kueleza imenifundisha nini, kwa sababu wenzangu wengi wanaofanya kazi kama yangu hupambana na taabu ileile: mteja hutuletea jengo lililokufa, nasi tunaharakisha kupima kuta zake kabla ya kumuuliza aliacha nini ndani yake.

Anayeitazama picha ya de Chirico kwa nia ya kuijua stesheni hatapata anachokitafuta. Kuna jengo lililobebwa na nguzo nene za mraba, zisizo na pambo lolote. Juu kuna saa, na juu ya saa bendera ndogo. Njia pana yenye rangi ya manjano inapanda kuelekea mbali, na juu yake wanaonekana watu wawili wadogo mno, kila mmoja akiwa na kivuli kirefu kuliko yeye mwenyewe. Kwenye upeo wa macho kuna treni inayotoa wingu jeupe la mvuke. Mbele, karibu kabisa na mtazamaji, umewekwa mkungu wa ndizi. Hakuna wachukuzi, hakuna mizigo, hakuna anayemuaga mwenzake, hakuna dirisha la tiketi. Stesheni ya mji mkubwa kama Paris imechorwa kana kwamba wakazi wote wamehama usiku.

Ili kujua jengo lenyewe lilikuwaje, inabidi kwenda kwingine. Reli ilifika upande huo wa mji mwaka 1840, kwa ajili ya njia ya Versailles, na jengo kubwa lililokuja kubomolewa lilifunguliwa mwaka 1852. Hapo ndipo waliposhukia watu waliotoka Bretagne, magharibi ya Ufaransa, kuja kutafuta kazi Paris, na wengi wao wakaishia kukaa mitaa iliyo karibu na stesheni. Sura ya jengo hilo dunia nzima inaijua bila kujua kwamba inaijua, kwa sababu ya ajali ya tarehe 22 Oktoba 1895. Siku hiyo treni ya mwendo wa kasi kutoka Granville ilishindwa kusimama, kichwa chake kikavuka ukumbi wa abiria, kikavunja ukuta wa mbele na kuporomokea uwanjani. Mwanamke mmoja aliyekuwa barabarani akafa. Picha ya kamera iliyopigwa baadaye, inayoonyesha kichwa cha treni kikiegemea jengo huku pua yake ikiwa ardhini, imechapishwa mara nyingi mno. Katika picha hiyo mtu anaweza kuona dirisha kubwa la tao, mistari ya mawe, na hata mavazi ya waliosimama kushangaa. Ni stesheni hiyohiyo ambamo, tarehe 25 Agosti 1944, jenerali von Choltitz alipelekwa baada ya kusalimisha majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Paris. Kwa de Chirico hakuna tao, hakuna mawe, na historia hiyo haina hata kivuli chake.

Hata hivyo, jambo moja la kweli limehifadhiwa mle, nami niliweza kuliona baada ya kuiweka picha ya ajali kando ya picha ya rangi na kuzitazama pamoja kwa muda mrefu. Treni za Montparnasse hazikuingia mjini kwa usawa wa barabara. Reli zilikuwa juu, na ndiyo maana kichwa cha treni, kilipovunja ukuta, hakikutokeza uwanjani kikiwa kimesimama bali kilianguka. Aliyetaka kusafiri alilazimika kwanza kupanda. De Chirico ameacha karibu kila kitu cha jengo, lakini kitendo hicho cha kupanda amekibakiza: ile njia ndefu ya manjano, nguzo zinazoinua sakafu, treni iliyo mbali kule juu. Ametupilia mbali uso wa stesheni, akatunza jinsi miguu ya msafiri ilivyoijua. Nilipolielewa hilo, niliacha kuiona picha hiyo kama ndoto tu, jinsi vitabu vingi vinavyopenda kuieleza, nikaanza kuisoma kama kumbukumbu iliyochagua.

Ipo sababu nyingine iliyonivuta. Baba yake de Chirico, Evaristo, alikuwa mhandisi wa reli. Alisimamia ujenzi wa njia za reli katika eneo la Thessaly nchini Ugiriki, na mwanawe alizaliwa Volos mwaka 1888, katikati ya kazi hiyo. Baba alifariki mwaka 1905, kijana akiwa bado hajatimiza miaka 18. Familia ikahama, kwanza kwenda Munich, na mwaka 1911 Giorgio akafika Paris. Katika picha zake za miaka hiyo treni inarudi mara kwa mara, na karibu kila mara iko mbali, nyuma ya ukuta, ndogo. Wataalamu wameandika mengi juu ya treni hizo. Mimi ninasema kama mtoto wa reli, na ninajua kwamba hii ni tafsiri yangu: msafiri huona treni kubwa, kwa sababu anaipanda, mtoto wa mfanyakazi wa reli huiona ndogo, kwa sababu kwake treni ni kitu kilichokwisha kuondoka na baba. Nyumbani kwetu tulisikia treni kabla ya kuiona, na tulipotoka nje kilichokuwa kimebaki ni behewa la mwisho lililokwisha kuwa dogo. Sikuwahi kuona mchoraji mwingine aliyeiweka treni mahali pake hasa namna hiyo.

Hapa kwetu mji na reli vilizaliwa pamoja. Reli kutoka kusini, iliyopita Sakania, ilifika mwaka 1910, mwaka uleule ambao Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa, na bila reli hiyo shaba isingetoka. Njia iliendelea hadi Bukama mwaka 1918, ikafika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati huo, mwaka 1928. Safari ya zaidi ya kilomita 1500, ambayo mwisho wake abiria wa Kinshasa alipanda meli kwenye mto Kasai. Wazee wa reli huyataja majina ya vituo kwa mpangilio, Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga, nao hukasirika ukiruka kimoja. Vituo vikubwa bado vipo. Vile vidogo, vilivyokuwa kati ya miji, ndivyo vinavyokwisha: kwanza paa huondoka, kisha milango, mvua inamalizia kuta zilizobaki.

Mji huu pia una desturi yake ya kuchora kumbukumbu, na desturi hiyo ina nguvu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar, wakatokea humo kina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Lakini wateja wangu hawatoki katika ulimwengu huo wa ndege na wanyama wa mbugani. Wanatoka katika sebule za miaka ya 1970, ambamo wafanyakazi wa migodi na wa reli walitundika picha zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, akikaa majini, kijiji cha zamani, mfungwa anayechapwa viboko wakati wa Mbelgiji. Mkubwa wa kundi hilo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1974 aliichora historia yote ya nchi katika mfululizo wa picha 101 alizomuuzia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi. Tshibumba aliandika maneno ndani ya picha, akaweka majina na tarehe, ili asiyejua ajue. Mteja wa Lubumbashi amelelewa na picha za namna hiyo. Anatarajia picha izungumze, ifundishe watoto, imalize ubishi. De Chirico anakataa kueleza chochote. Kazi yangu yote imekuwa kukaa kati ya hao wawili, na sijawahi kuona kwamba nalazimika kumwacha mmoja.

Aliyenisaidia zaidi kuelewa hayo ni mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuja na ombi la kuchorewa kituo kidogo cha njia ya Bukama ambako alifanya kazi ujanani. Kituo hicho kimeanguka, na hakuwa na picha yake hata moja. Desturi yangu ni kuchora kwanza kwa makaa, haraka, bila kujitahidi kupendeza, ili mteja apate kitu cha kusahihisha. Mtu anayeombwa kukumbuka tu hukumbuka kidogo, lakini mtu anayeonyeshwa kitu kisicho sawa hukumbuka kwa hasira, na hasira hiyo huleta mambo mengi. Mzee alisahihisha kwa bidii. Mlango wa ofisi ulifungukia upande wa reli, siyo upande wa barabara. Tangi la maji lilikuwa na miguu minne, siyo mitatu. Kengele haikuwa kengele, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa kwa chuma. Yote niliyaandika na yote niliyachora, na jengo likawa kamili, lakini kila aliporudi aliitazama picha kwa adabu, kama mtu anayetazama picha ya harusi ya jirani.

Ndipo nilipokumbuka saa ya de Chirico. Katika picha yake saa inaonyesha karibu saa saba na nusu za mchana, wakati jua liko juu na vivuli ni vifupi. Lakini vivuli vilivyoko njiani ni virefu, vivuli vya jioni. Wengi wameliona hilo na kuliita fumbo. Kwangu lilikuwa swali la kumuuliza mteja.

"Papa," nilimwambia, "hapa kituoni ilikuwa saa ngapi?"

"Saa ngapi namna gani, mama? Kituo kilikuwapo saa zote."

"Hapana, Papa. Wewe unapokifikiria sasa hivi, kabla hujasema neno, ni saa ngapi kule?"

Alikaa kimya, kisha akazungumza mfululizo hadi chai ikapoa. Ilikuwa alfajiri. Haikuwa alfajiri ya treni kufika, bali ya treni kuchelewa: simu ya kituo jirani imekwisha kulia, treni imetoka kule, na kulingana na ratiba inapaswa kuwa imefika, nayo haijafika. Abiria wameamka juu ya magunia yao, hawamuulizi mkuu wa stesheni kwa sababu uso wake unajibu, na yeye kijana ametumwa kwenda kusimama mwisho wa jukwaa kutazama mbali. Hilo ndilo alilolibeba miaka yote. Saa ya ukutani ilisema treni imechelewa, na jua lilisema siku haijaanza. Saa mbili zisizopatana, mahali pamoja: bila kujua, mzee alikuwa amenieleza picha ya de Chirico vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Tangu hapo swali la saa ndilo la kwanza kwa kila mteja, na ninawashauri wachoraji vijana walijaribu kabla ya kuuliza habari za paa na madirisha. Jengo katika kumbukumbu ya mtu huwa na mwanga wa saa moja tu. Ukilichora katika mwanga wa saa nyingine, kila kipimo kinaweza kuwa sahihi na mwenyewe asilitambue. Katika kazi yenyewe, hilo lina maana ya kuamua jua linatoka wapi kabla ya kuweka rangi ya kwanza, kisha kukubali kwamba pengine kumbukumbu ina majua mawili, na kuyachora yote mawili bila kuyapatanisha. Mwanafunzi aliyefundishwa sheria za kivuli huogopa jambo hilo. De Chirico alizijua sheria hizo. Alisoma Munich, katika chuo cha sanaa. Na alizivunja pale tu ambapo kuvunja kulisema kitu.

Sasa nirudi kwenye ndizi, ambazo sikuweza kuzizoea kwa muda mrefu. Vitabu vya Ulaya huzishangaa: ndizi zinafanya nini mbele ya stesheni ya Paris? Mtu wa kwetu anashangaa kinyume chake. Treni ikisimama Bukama au Kamina, ndizi huja zenyewe hadi dirishani, juu ya vichwa vya akina mama na wasichana, pamoja na karanga, mihogo ya kuchemsha na samaki mkavu, na safari nzima hunuka ndizi. Mzee nilipomwonyesha chapa ya picha hiyo hakuziona kuwa fumbo hata kidogo. Alizitazama, akauliza: "Mwenye ndizi yuko wapi?"

Swali hilo lilinifungulia mlango. Tatizo la picha hiyo si kuwapo kwa ndizi bali kukosekana kwa mama aliyezileta. Mkungu umewekwa chini, mbele ya stesheni, na hakuna anayeulinda, anayeutangaza bei, wala anayeukimbiza treni inapoanza kuondoka. Katika stesheni zetu jambo kama hilo lingemfanya kila mtu asimame na kuuliza kumetokea nini. Tena ndizi ni saa ya tatu ndani ya picha. Saa ya ukutani inaweza kusimama, kivuli kinaweza kuchorwa vyovyote, lakini mkungu uliokwisha kukatwa umeanza kuiva na hauwezi kurudi nyuma; ukikaa pale siku chache utakuwa umeoza. Sijui kama de Chirico aliwaza hivyo, na sihitaji ajue. Aliiacha nafasi, nasi wa huku tuna haki ya kuingia kwa mlango wetu.

Katika picha ya mzee niliweka beseni la mihogo ukingoni mwa jukwaa, limefunikwa kwa kitambaa, bila mwenyewe. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, akasema huyo mama alikuwapo kila alfajiri, naye pia hakuwahi kumtazama usoni, kwa kuwa macho yake yalikuwa yametumwa kutazama reli.

Ninapaswa kusema pia mahali ambapo njia hii inapotea, kwa sababu nimeiona ikipotea mara nyingi kwa vijana wanaokuja kujifunza kwangu. Wakionyeshwa de Chirico, wanaondoa watu wote, wanarefusha vivuli, wanaweka anga la rangi ya ajabu, wakiamini huzuni imepatikana. Utupu peke yake haumhuzunishi mtu. Stesheni tupu saa sita usiku ni stesheni iliyofungwa, basi. Katika picha ya Montparnasse utupu una uzito kwa sababu vitu vichache vilivyobaki vyote vinangojewa au vinangoja: treni ina mvuke, bendera zimepandishwa, saa inakwenda, watu wawili wako njiani. Kila kitu kiko tayari kwa kuondoka, na kuondoka kwenyewe ndiko kusikoonekana. Anayeondoa watu bila kuacha alama ya jambo walilokuwa wakilingoja anachora ukuta.

Wala sikubaliani na wanaosema kwamba usahihi wa jengo hauna maana. Una maana pale mwili ulipogusa. Mzee hakujali idadi ya mabati ya paa, lakini alijali sana ule mlango uliofungukia upande wa reli, kwa kuwa ndio aliopita akikimbia kipande cha chuma kilipogongwa. Kama ningeukosea huo, picha yote ingekuwa uongo kwake. Kwa hiyo ninawauliza watu: ulishika wapi? Ulikaa wapi? Uliegemea nini? Majibu hayo ninayachora kwa usahihi wote nilio nao, na kuta zilizobaki naziacha ziwe tulivu, jinsi nguzo za de Chirico zilivyo tulivu.

Kuhusu ukubwa, nilijifunza jambo siku nilipochora kwa chaki, ukutani mwa chumba changu cha kazi, mstatili wa sentimita 140 kwa 184.5. Katika kitabu picha hiyo inaenea kwenye kiganja, na wale watu wawili ni vidoa. Ukutani niliona kwamba mtu akisimama mbele ya picha halisi, upana wake unazidi mikono yake iliyonyooshwa, na sehemu ya chini inakuwa kama ardhi ambayo angeweza kuikanyaga. Wateja wangu mara nyingi huomba picha ndogo kwa sababu sebule ni ndogo na bei ni ndogo zaidi. Siku hizi, panapowezekana, ninapunguza bei na kuongeza kitambaa. Picha ya mahali palipopotea inahitaji ardhi ya kutosha mbele yake ili anayeitazama apate pa kusimama.

Kazi niliyo nayo sasa ni nzito kuliko zote. Familia moja imeniomba niichoree stesheni ya Likasi ya mwaka 1992. Watu wa umri wangu hawahitaji maelezo. Katika mwaka huo na uliofuata, watu wenye asili ya eneo jirani la Kasai walifukuzwa katika miji ya eneo letu la Katanga, lililokuwa likiitwa Shaba wakati huo, wakiwamo waliozaliwa hapa na waliozika wazazi wao hapa. Makumi ya maelfu walipiga kambi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, na wengi, watoto kuliko wote, walikufa hapohapo kwa magonjwa na njaa kabla ya treni kufika, au njiani. Stesheni ya Likasi bado ipo. Ile waliyoikalia wao, ya mahema ya shuka na moto wa kupikia kando ya reli, haipo.

Hapa siwezi kumfuata de Chirico hadi mwisho, nami nimeiambia familia hivyo. Yeye aliweza kuacha stesheni bila watu kwa kuwa hakuna aliyemdai watu hao. Mimi ninadaiwa. Kuichora stesheni hiyo ikiwa tupu kungekuwa kuwafukuza mara ya pili. Wala sitaandika maneno ndani ya picha kama Tshibumba, ingawa nimelifikiria sana, kwa kuwa wanafamilia wenyewe bado hawajakubaliana maneno yawe yapi, na picha itakaa katika sebule wanamokutana wote. Ninachokichukua kwa de Chirico ni treni yake ndogo. Wakati nikichora kwa makaa nimeiweka mbali, ikija, nikaifuta, nikaiweka tena. Mama mkubwa wa familia anataka ionekane, kwa sababu hatimaye ilifika. Mwanawe wa kiume anataka reli iwe wazi, kwa sababu mdogo wake hakuifikia. Nimewaomba wazungumze wao kwa wao kwanza, nami nitangoja.

Wakati huo naendelea na mizigo. Nimeanza kwa yale ambayo hawabishani: namna magodoro yalivyokunjwa na kufungwa kwa vipande vya vitenge, sufuria zilizowekwa ndani ya sufuria, cherehani moja iliyobebwa ingawa haikuwa na meza, mlango wa nyumba ambao baba yao aliung'oa na kuondoka nao. Shangazi yao anayeishi Katuba ndiye aliyefunga sehemu kubwa ya mizigo hiyo kwa mikono yake, na amekubali kuja wiki hii na kamba, afunge godoro moja mbele yangu, nami nichore jinsi fundo linavyokaa.